Masika Tuliyomngoja Mkaguzi

Temeke, Jumatatu, 8 Machi 1954

Naandika kwa sababu nina hofu, na hapa sina mtu wa kwetu wa kumwambia. Dada yangu Jovina yuko Bukoba, na barua mpaka imfikie na majibu yarudi, jambo lenyewe litakuwa limekwisha. Daftari hili lililoa maji upande mmoja likaonekana halifai kupewa mtoto, basi nimejigawia mwenyewe.

Jambo ni hili. Baada ya kengele ya kutoka, Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Polikarpo, aliniita ofisini. Barua imetoka mjini. Darasa langu la kwanza lina watoto sitini na mmoja, na ruhusa ni arobaini na watano. Mkaguzi atakuja kuwauliza mmoja mmoja kwa mdomo. Watakaojibu vizuri watabaki, na kumi na sita watakaokuwa chini watarudishwa makwao, wajaribu tena mwakani nafasi ikipatikana.

"Na haitapatikana," akaongeza Mwalimu Polikarpo, "tusidanganyane."

Akanipa kijitabu cha maswali sitini, kila swali na jibu lake chini. "Anauliza kutoka humu, Bibi Auleria. Mtoto akijibu kama ilivyoandikwa, amepona. Asipojibu kama ilivyoandikwa, hata aseme la Malaika Gabrieli, ameondoka."

Mkaguzi anakuja tarehe 22. Nina wiki mbili.

Jumanne, 9 Machi

Tumeanza. Swali la kwanza: Nyumba ina nini? Jibu: Nyumba ina kuta, paa, mlango na madirisha. Mimi nasema, wao wanafuatisha, mara kumi. Kisha nikamwinua Bahiya peke yake.

"Bahiya, nyumba ina nini?"

"Nyumba ina bibi."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka, alikuwa amejibu swali. Nikamuuliza, na kuta je? Akasema, "Kuta hata choo kinazo, Mwalimu."

Niandike kwa nini huyu ananinyima usingizi kuliko wengine sitini. Nimepanga chumba cha mbele kwao. Bi Samiha, mwenye nyumba, ndiye huyo bibi. Baba yake ni Marijani, fundi cherehani, anayeshonea hapo hapo barazani. Mama yake alifariki alipomzaa. Darasani nina wasichana saba tu, na Bi Samiha hakutaka mjukuu wake awe wa nane, kwa kuwa shule anaiona ni ya Wakristo. Mimi ndiye niliyembembeleza Marijani mwezi wa kwanza, nimesimama pembeni ya cherehani lake mpaka miguu ikafa ganzi. Akakubali kwa sharti moja. "Nitampeleka, Mwalimu. Lakini siku mtakayomrudisha, ndiyo basi. Simsumbui mama yangu mara mbili."

Kwa hiyo Bahiya akitolewa hatarudi tena shuleni, wala mwakani wala lini. Na ni mimi niliyempeleka.

(Wasichana sasa ni wanane. Nimekosea hapo juu na sina cha kufutia wino.)

Ijumaa, 12 Machi

"Kitu gani kina miguu minne?" Kijitabu: Meza ina miguu minne. Bahiya: "Watu wawili."

Niligeukia ubaoni nicheke bila kuonekana. Sikumsahihisha. Sijui kama nimefanya vyema.

Jumatano, 17 Machi

Mvua kubwa ya kwanza. Makuti yanavuja mahali patatu, na tumesogeza watoto kama viazi kwenye gunia.

Jumapili, 21 Machi

Nilikwenda misa lakini sikulisikia neno. Bahiya anayajua majibu yote sitini, nina hakika. Anayajua, ila hayamridhishi. Ukimuuliza, kwanza anafikiri, na hapo ndipo tunapopotea.

Kesho.

Jumatatu, 22 Machi

Hakuja. Gari limekwama kwenye matope. Tarehe mpya ni 5 Aprili.

Nilifurahi kama mtu aliyeahirishiwa kung'olewa jino. Mwalimu Polikarpo hakufurahi. "Tumepewa wiki mbili za bure," akasema. "Tuzitumie. Asubuhi maswali, na kabla ya kutoka maswali."

Jumatatu, 29 Machi

Mwalimu Polikarpo ameingia darasani bila hodi, akajifanya yeye ndiye Mkaguzi. Watoto wakajibu vizuri mpaka alipomfikia Bahiya.

"Taja faida za ng'ombe."

"Faida ya nani, Mwalimu?"

"Nani tena! Faida za ng'ombe."

"Maana ng'ombe mwenyewe hajapata kitu."

Hakumpiga. Afadhali angempiga. Alitoa penseli mfukoni, akaandika kwenye karatasi, akaninong'oneza mlangoni: "Kumi na sita lazima watoke. Huyu nimemwandika wa kwanza."

Nimechukia. Ana moyo wa jiwe mtu huyu. Watoto kwake ni mizigo ya kupimwa, mingine ipakiwe, mingine iachwe bandarini.

Jumatatu, 5 Aprili

Hakuja. Safari hii ni daraja. Wamesema baada ya Pasaka, tarehe 26.

Alhamisi, 8 Aprili

Leo nimegombana na Marijani, kama ule ni ugomvi.

Asubuhi niliwapa swali la arobaini na moja kwenye vibao: Baba aliondoka Jumatatu usiku. Kulipokucha ilikuwa siku gani? Bahiya akaandika Jumatatu. Nikampiga mkasi mkubwa wa kosa kwa chaki, upana wa kibao kizima. Nilikuwa nimechoka, na nilidhani mara hii hata hakufikiri.

Jioni, baada ya sala yao ya magharibi, Marijani akapiga hodi mlangoni kwangu na kile kibao mkononi.

"Habari za kutwa, Mwalimu. Nisamehe kukusumbua. Mtoto kakosea wapi hapa?"

"Aliondoka Jumatatu usiku, Marijani. Kukicha ni Jumanne."

"Jumatatu usiku si ndiyo inayoamkia Jumatatu?"

Nikamtazama. Akaweka kibao chini, akanieleza taratibu, kama mtu anayepima nguo mwilini mwa mteja. "Sie usiku unatangulia, mchana unafuata. Leo Alhamisi, sivyo? Basi jua lishazama, sasa hivi ni usiku wa Ijumaa. Mama yuko ndani kavuta uradi na tasbihi yake. Kesho kukicha ndiyo Ijumaa yenyewe. Mtoto kaona hivyo tangu azaliwe. Sasa kakosea wapi?"

"Kitabu kinahesabu kwa namna nyingine."

"Kitabu kimeandikwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Na Mswahili kakijibu, kakosa." Alicheka kidogo, bila furaha. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka sasa linanikaa kifuani. "Nikimfundisha moja nyumbani, nawe ukamfundisha jingine shule, mwanangu atakuwa sawa wapi?"

Ningeweza kumwambia kwamba mimi niliyezaliwa ng'ambo ya Ziwa sikulijua jambo hilo, na kwamba mtoto wake hakukosea. Badala yake nikasema, "Mbele ya Mkaguzi, sawa ni ya kitabu. Ukitaka abaki shule, kwa sasa nakuomba hilo tu."

Akalamba kidole gumba, akalifuta lile neno la mwanawe, taratibu, na mkasi wangu pamoja nalo. Akanipa kibao.

"Mwandikie hiyo Jumanne, basi."

Nikaiandika.

Jumanne, 13 Aprili

Nimempiga Bahiya.

Nataka niandike yote, nisijipake mafuta. Ilikuwa swali la kugawa. Ndugu wawili wana machungwa manne, wakigawana kila mmoja atapata mangapi? Darasa zima walikwisha sema mawili. Mwalimu Polikarpo alikuwa amesimama dirishani na karatasi yake. Nikamwinua Bahiya, nikamwomba Mungu.

"Mdogo atapata yote manne," akasema.

"Bahiya. Wamegawana sawasawa."

"Ndiyo, watagawana, halafu mdogo atalia, na mkubwa atampa yake. Mkubwa ndivyo anavyofanyaga."

Ni kweli. Jovina alinifanyia hivyo utoto wetu wote. Niliposikia, moyo ulinilainika, na papo hapo nikaona penseli ya Mwalimu Polikarpo ikitembea dirishani, na hofu ikanipanda ikawa hasira. Nikamwambia anyooshe mkono. Nikampiga rula mbili. Sijawahi kumpiga mtoto huyu, na wala si kwa kosa, kwa kuwa hakukosa. Nilimpiga kwa sababu niliogopa.

Hakulia. Aliutazama mkono, akanitazama mimi. Akasema, "Mawili."

"Sema vizuri."

"Kila mmoja atapata machungwa mawili."

Nikamwambia vizuri sana, kaa. Darasa likampigia makofi matatu kama ilivyo desturi.

Tumerudi nyumbani njia moja, yeye mbele, mimi nyuma, na mvua. Siku nyingine hunisubiri kwenye madimbwi.

Jumapili ya Pasaka, 18 Aprili

Baada ya misa Mwalimu Polikarpo alinikuta nje, akanisindikiza mpaka njia panda. Nilidhani atazungumzia vibao. Akaniambia habari za shule aliyokuwa akifundisha zamani, huko bara. Alikuwa kijana, aliwaachia watoto wajibu walivyopenda. Alipenda mno kuwasikia. Mkaguzi akaja, akaondoa ishirini na watatu kwa siku moja.

"Wengine sasa ni watu wazima, Bibi Auleria. Nikienda likizo nikamwona mmoja wao njiani, mimi ndiye ninayegeuza njia." Akavua miwani akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa na maji. "Siwachukii watoto. Nahesabu tu wangapi naweza kuwabakiza."

Nilikuwa nimeandika humu kwamba ana moyo wa jiwe. Sifuti, lakini nilikosea.

Jumatatu, 26 Aprili

Hakuja. Ana homa, wanasema. Tarehe 17 Mei.

Watoto wameyajibu maswali sitini kila siku kwa wiki saba. Nikiingia darasani, kabla sijafungua mdomo, wananiambia nyumba ina kuta, paa, mlango na madirisha.

Jumatatu, 3 Mei

Jioni mawingu yalifunguka kidogo, na vijana wa mtaa wakapiga kelele kwamba mwezi umeandama. Bi Samiha alisimama uani, akanishika mkono. "Ramadhani imeingia, mwanangu."

"Imeingia sasa hivi, Bi Samiha? Si kesho?"

"Sasa hivi! Kwani siku inaingiaga lini kwenu huko bara? Inangoja kengele ya shule?"

Alicheka sana. Mimi nilicheka naye, kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani. Mtoto yule aliandika kilicho kweli, na dunia nzima ya mtaa huu inakijua. Ni mimi peke yangu sikukijua, na mimi ndiye niliyekuwa na chaki.

Alhamisi, 6 Mei

Nilirudi mapema, nikawasikia kabla sijawaona. Cherehani linasimama, linaendelea, linasimama.

"Kitu gani kina miguu minne?"

"Meza ina miguu minne."

"Taja faida za ng'ombe."

"Maziwa, nyama, ngozi na mbolea."

Marijani, na saumu yake, midomo imekauka, mguu kwenye pedeli, anamwuliza mwanawe maswali ambayo mwenyewe hawezi kuyasoma. Ameyakariri kwa kumsikia. Nilimdhania mwezi wa kwanza kuwa mtu anayetafuta sababu ya kumtoa mtoto shule. Kumbe anaogopa kama ninavyoogopa.

"Kashika yote, Mwalimu," akaniambia kwa fahari. "Hata umwamshe usingizini."

Bahiya alikuwa ameketi juu ya gogo, mikono kwenye magoti, akingoja swali jingine.

Jumatano, 12 Mei

Bi Samiha ananitazama vibaya. Leo amesema.

"Mmemfanya nini mtoto, Mwalimu?"

"Kwa nini, Bi Samiha?"

"Zamani nikimtuma chumvi dukani, ataniuliza maswali matatu kabla hajatoka. Chumvi ya nini, kwa nini leo, kwa nini isiwe kesho. Ananichosha mpaka naenda mwenyewe. Sasa nikimtuma anakwenda. Jana kaenda, kaleta, kaweka, kimya. Mie nikamshika paji la uso, nadhani ana homa. Hana."

Nikamwambia anakua. Nimesema uongo mbele ya mwanamke mzima aliyefunga.

Jumatatu, 17 Mei

Hakuja.

Jumanne, 25 Mei

Amekuja.

Bila barua, bila kutangulizwa, saa tatu asubuhi, gari limejaa tope mpaka vioo. Ni Mzungu mrefu, mpole, koti limeloa mabega. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, kasoro kinatembea polepole. Alikaa kwenye kiti changu. Mwalimu Polikarpo alisimama nyuma yake, mikono ameificha mgongoni. Mimi nilisimama kwenye mlango, mahali panapovuja, na sikuhisi kama ninanyeshewa.

Aliwaita kwa daftari la majina, maswali matano kila mtoto. Wengine walijibu, wengine walisahau. Shomari, anayeimba kwa sauti kuliko wote tukiwa pamoja, aliposimama peke yake hakutoa hata neno moja, akajikojolea. Mkaguzi akasema, "Pole, mtoto wangu, kaa," akaweka alama kwenye karatasi yake.

Bahiya aliitwa kabla ya saa sita. Alisimama wima.

"Nyumba ina nini?"

"Nyumba ina kuta, paa, mlango na madirisha."

"Kitu gani kina miguu minne?"

"Meza ina miguu minne."

Matano yote, moja kwa moja, kwa sauti ileile. Mwalimu Polikarpo alifumba macho. Mimi nilianza kupumua.

Na hapo Mkaguzi, labda kwa kuchoka, akakifunga kijitabu. Ukutani nyuma yake kuna picha ya msichana ameketi kizingitini mwa nyumba, kidevu mkononi. Akamwonyesha kwa kalamu. "Tazama picha hii. Unadhani huyu msichana anawaza nini?"

Halimo kwenye kitabu! Ni swali lake, swali la Bahiya, limetengenezwa kwa ajili yake. Nilitaka kupiga kelele, sema, mwanangu, sema lolote. Nikamtikisia kichwa kwamba ndiyo, ndiyo.

Aliitazama picha. Akanitazama mimi. Akamtazama Mwalimu Polikarpo.

"Hilo hatujafundishwa, Bwana."

Mkaguzi akacheka, akaandika. Alipomaliza darasa zima akanipa mkono. "Umefanya kazi nzuri, Bibi. Hasa yule msichana. Ana nidhamu. Hakisii asilolijua."

Nikasema asante, Bwana.

Alhamisi, 27 Mei

Majina yamesomwa. Arobaini na watano wamebaki, na Bahiya ni wa tatu. Shomari ametoka, na wengine kumi na watano. Mwalimu Polikarpo aliwasomea yeye mwenyewe, akamshika kila mmoja kichwani, kisha akaingia ofisini akafunga mlango. Ile karatasi yake ya penseli niliiona kwenye kapu la taka, imechanwa.

Ijumaa, 28 Mei

Mvua imepungua. Marijani amemshonea Bahiya gauni jipya la shule, hata la sikukuu ya Idi hajaligusa. Alinionyesha pindo, inchi nne nzima za kitambaa zimekunjwa ndani. "La kufungulia," akasema. "Akirefuka, tunafungua. Hili litamfikisha darasa la nne, Mwalimu." Akanishukuru mpaka nikatafuta pa kujificha. Hata Bi Samiha aliniletea futari chumbani, mihogo ya nazi, akasema kwa shingo upande kwamba Mwenyezi Mungu anajua aliyetenda.

Baada ya futari Bahiya aliketi na mimi barazani, baba yake alipokwenda kusali. Nilikuwa nimekaa na swali lile siku tatu, nikaona hapa hakuna Mkaguzi, hakuna penseli, tupo wawili tu.

"Bahiya. Yule msichana wa kwenye picha. Wewe unaona anawaza nini?"

"Lipi ndilo sahihi, Mwalimu?"

"Hakuna lililo sahihi. Sikukuuliza kwa kitabu. Lolote utakalosema ni sawa."

Alikunja uso. Nilimwona anatafuta, kwa bidii na kwa adabu, anataka kunifurahisha, na hapati. Nikangoja. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini nilihofu atauliza jibu la msamaha ni lipi. Hatimaye uso ukamkunjuka, kama mtu aliyekumbuka njia.

"Basi sema wewe kwanza, Mwalimu," akasema, "mie nitafuatisha."